Dirisha la Tisa

Fomu inauliza: madirisha mangapi?
Nimehesabu kutoka barabarani, tisa:
matano juu, mawili huku, mawili kule,
mlango katikati kama pua ya mtu anayejiheshimu,
na juu ya mlango nusu duara ya kioo,
jua lililokatwa kwa kisu.
Nimeingia ndani, nimehesabu tena.
Manane.

La tisa ni la uongo. Ni matofali matupu
yaliyopewa fremu, yakapewa kizingiti,
kwa sababu Mwingereza aliyetoka Rodezia
na ramani za kwao ndani ya sanduku la bati
hakuvumilia nyumba yenye chongo.
Nyuma yake kuna ngazi. Nyuma ya ngazi, popo.

Mwaka: 1913, inaaminika.
Mtindo: nimeandika Kijoji,
nikamweleza Mama Odia ni kwa jina la wafalme wa kule.
Akageuza bukari kwenye sufuria.
"Mutoto, wafalme wane, wote Joji,
na nyumba inavuja?"

Sasa tofali. Fomu haina mstari wa tofali.
Udongo huu haukupanda meli.
Ni udongo wa kichuguu,
mchwa waliutafuna miaka mia mbili,
punje kwa punje, mate kwa mate,
kabla mtu hajafika na sururu akasema: hapa.
Kilikuwa na vyumba. Kilikuwa na malkia.
Kilikuwa na njia za hewa
zinazovuta vizuri kuliko dohani hizi mbili.
Kikavunjwa, kikakandwa kwa miguu,
kikachomwa kwa kuni za miombo siku kumi na moja,
na baba wa babu yangu, Chisanga Mwelwa,
aliyeletwa toka Luapula kwa mkataba wa miezi sita,
alilala kando ya tanuri,
ubavu mmoja ukiwa Julai,
mwingine ukiwa Oktoba.

Kwenye kona ya kaskazini, usawa wa goti,
kuna tofali lenye alama ya kidole gumba.
Nimeweka changu. Hakienei.
Sisemi ni chake. Watu walikuwa wengi,
na kila mmoja alikuja na viwili.
Nimekipima tu: sentimita mbili na nusu.
Sina pa kuandika.

Halafu ramani. Bwana mkubwa amesema:
zungushia nyekundu kinacholindwa.
Ndani ya nyekundu, marufuku kubomoa,
kupaka rangi, kuongeza hata msumari.
Nje ya nyekundu, mji ufanye upendavyo.
Nimezungusha mlango, nimezungusha dohani,
nimezungusha dirisha la uongo
(uongo nao unalindwa, sheria haibagui),
mstari ukafika uani, ukasimama
mbele ya boyeri:
vyumba viwili vya kupinda mgongo,
udongo uleule, tanuri lilelile,
dirisha moja, dogo,
la kweli.

Humo anakaa Kapampa, fundi wa redio,
na watoto watatu, na redio zisizo na wenyewe.
Jirani keshamwaga mchanga wa ghorofa yake
hadi kwenye kizingiti cha fundi.
Kalamu ikisimama mahali pamoja
wino hutanda kama kidonda.

Simu ikalia. "Umemaliza?"
Nikasema: Kitendawili.
Akacheka. Hata wakubwa walikuwa watoto.
"Tega."
Nyumba yangu imejengwa mara mbili:
wajenzi wa kwanza walifukuzwa,
wa pili hawakukaribishwa.
"Kaburi," akasema.
Si kaburi.
"Soko? Mgodi?" Akakohoa.
Nilisikia gari lake likipita kwenye shimo.
"Haya, nimeshindwa."
Basi nipe mji.

Kimya. Sijui kama alikata
au ni mtandao, umeme ulikuwa umeondoka tangu saa nane.
Mama Odia amechungulia juu ya bega langu,
ameufuata mstari kwa kidole chenye unga,
anataka kujua
kama hiyo nyekundu inazuia mvua.